Kompyuta ya gemu isiyounguruma, yenye Windows na Linux: vipuri vyake vinachaguliwaje?

Tangu Microsoft ilipositisha huduma za kawaida za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, swali moja linajirudia kila wanapokutana watu wanaopenda gemu: mashine yangu bado nzima, inawaka vizuri, lakini Windows 11 inaikataa, nifanyeje? Wengi wameamua kuunda mashine mpya kwa mikono yao. Na kwa kuwa wanaanza upya, wanaongeza matakwa mawili. Isiungurume chumba kizima, na iwe na Windows na Linux kwa pamoja, ili kampuni moja ikibadili masharti yake wao wawe na pa kuhamia.

Hapo ndipo ushauri unapoanza kugongana. Huyu anakwambia nunua kipoza cha maji kwa sababu maji ni kimya. Yule anakwambia feni nyingi ni kelele nyingi. Wa tatu anaapa kuwa Linux haichezi gemu, na wa nne anadai kuwa mifumo miwili huichosha kompyuta. Wengi wao wana chembe ya ukweli, na ndiyo maana mtu anayeanza huishia kuchanganyikiwa.

Nimeshaunda mashine za namna hii, na kuna jambo nililochelewa kulielewa: utulivu na mifumo miwili ni suala moja. Yote mawili huamuliwa katika vipuri vyenyewe, chini kabisa, kabla Windows au Linux haijaamka. Kifaa kinachohitaji programu ya Windows ili kinyamaze kitapiga kelele siku utakapowasha Linux. Ukilishika hilo, sehemu kubwa ya uchaguzi inajinyoosha yenyewe.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno

Mfumo endeshi ni programu kuu inayosimamia kompyuta na kuziwezesha programu nyingine kufanya kazi. Windows ni mmojawapo, Linux ni mwingine. Kompyuta ya mifumo miwili ni ile iliyosakinishwa yote miwili, kisha kila unapoiwasha unachagua uingie upi. Ni kama nyumba moja yenye familia mbili zinazopokezana: mmoja akiwa ndani, mwingine hayupo kabisa. Kwa hiyo dai la kuichosha kompyuta halina msingi. Mfumo usiowashwa hauli kumbukumbu wala umeme, na prosesa, yaani kipuri kinachopiga hesabu zote, haijui kama upo. Unachochukua ni nafasi kwenye diski tu.

Draiva ni programu ndogo inayoufundisha mfumo endeshi namna ya kuzungumza na kifaa fulani, iwe kadi ya michoro (inayotengeneza picha za skrini), Wi-Fi au sauti. Bila draiva nzuri, kifaa bora kinakuwa pambo.

Halafu kuna BIOS. Jina lake rasmi siku hizi ni UEFI, lakini watu wengi bado wanaiita BIOS na mimi nitafuata wengi. Hii ni programu iliyomo ndani ya ubao mama wenyewe, ule ubao mkubwa unaounganisha vipuri vyote. Ndiyo huamka kwanza unapobonyeza kitufe, huvikagua vipuri, kisha huukabidhi mfumo endeshi usukani. Haijali ni mfumo gani unaofuata. Kumbuka sifa hiyo, maana tutairudia.

Kelele hutokana na joto

Karibu umeme wote unaoingia kwenye kompyuta hugeuka joto. Mashine inayokula wati 400 ukiwa katikati ya gemu inatoa joto la wati 400, karibu nusu ya pasi ya umeme iliyoachwa ikiwaka ndani ya sanduku. Joto hilo lazima litoke, na linatolewa na hewa. Kelele nyingi unayoisikia ni hewa inayolazimishwa kupita kwa kasi.

Chukua mpira wa kumwagilia. Ukiubana mdomo kwa kidole, maji hutoka kwa kasi na kwa mlio. Ukiuachia wazi, maji yale yale hutoka polepole na huyasikii. Hewa ndani ya kompyuta ni hivyo hivyo: ipewe njia pana na mwendo mdogo, itafanya kazi ile ile bila kujitangaza.

Sasa tuje kwenye hesabu, kwa sababu hapa ndipo dhana ya "feni nyingi, kelele nyingi" inapoanguka. Kelele hupimwa kwa desibeli, na desibeli hazijumlishwi kama hesabu za kawaida. Feni mbili zinazofanana, zikizunguka kwa kasi moja, hutoa desibeli 3 tu zaidi ya feni moja. Tatu huongeza karibu 5. Lakini ukiipunguza kasi ya feni kwa nusu, kelele yake hushuka kwa takriban desibeli 15. Na sikio la binadamu huhisi kupungua kwa desibeli 10 kama kelele imebaki nusu.

Linganisha basi: feni moja inayozunguka mara 1,400 kwa dakika, na feni tatu za aina hiyo hiyo zinazozunguka mara 700. Zile tatu zinapoteza desibeli 15 kwa kupunguza mwendo na kurudisha 5 kwa kuwa nyingi, hivyo ziko chini kwa desibeli 10 hivi. Na kwa kuwa kila moja inasukuma nusu ya hewa, zote tatu kwa pamoja zinaweza kusukuma mara moja na nusu ya ile moja. Zimeizidi feni ya peke yake kwa hewa, na sikioni zimebaki nusu yake. Kwa sababu hiyo hiyo feni ya milimita 140 ni bora kuliko ya 120 pale inapoingia, kwani ina eneo kubwa zaidi kwa zaidi ya theluthi moja.

Kuna kosa lingine linalozaa kelele bila sababu: hofu ya joto. Watu wanaona prosesa imefika nyuzi 75 wanashtuka, wanapandisha feni. Prosesa ya AMD iitwayo Ryzen 7 7800X3D imewekewa kikomo cha nyuzi 89, na Ryzen 7 9800X3D nyuzi 95. Nyuzi 75 katikati ya gemu ni hali ya kawaida kabisa. Ukitaka kuziona 55, utazipata, lakini utazilipia kwa masikio.

Kadi ya michoro ndiyo yenye usemi mkubwa

Kwenye mashine ya gemu, kadi ya michoro hula umeme kuliko vipuri vingine vyote, hivyo ndiyo inayoamua kama mashine itakuwa tulivu. Ningemwomba mtu atumie nusu ya muda wake wa kufikiri hapa.

Angalia wati kabla ya kuangalia kitu kingine. GeForce RTX 4070 ya NVIDIA imepimwa kwa wati 200. Radeon RX 9070 ya AMD kwa 220, na ndugu yake RX 9070 XT kwa 304. RTX 5090 ya NVIDIA inafika 575. Tofauti kati ya wati 220 na 304 haionekani sana kwenye fremu (idadi ya picha ambazo kadi hutengeneza kwa sekunde), lakini ni wati 84 za joto zinazotafuta pa kutokea. Kwa mashine tulivu, mimi huanzia kwenye wati zinazovumilika, kisha natafuta kadi yenye nguvu zaidi ndani ya mpaka huo, badala ya kununua kubwa halafu kupambana nayo.

Pili, chipu moja huuzwa ikiwa imevikwa vipoza tofauti. Toleo nene lenye feni tatu na mapezi mengi ya chuma litakuwa tulivu kuliko toleo fupi lenye feni mbili, ingawa chipu ni ile ile na fremu ni zile zile. Ubaya ni ukubwa: kadi nyingi za aina hiyo zina urefu unaozidi milimita 300, kwa hiyo pima kasha kwanza. Kadi nyingi za sasa pia husimamisha feni zake kabisa zisipokuwa na kazi nzito. Hilo ni jema sana, kwa sababu muda mwingi kompyuta haichezi gemu.

Sasa sikiliza mahali ambapo mifumo miwili inaingia. Unaweza kuipunguzia kadi umeme kwa programu ya Windows, ukaibana ile ya wati 220 ifanye kazi kwa 190, na hasara ya fremu ikawa ndogo. Ukiwasha Linux, agizo hilo halipo. Kadi inarudi kwenye wati zake zote na feni zinapanda. Linux ina njia zake, kwa mfano programu ya LACT, au amri ya `nvidia-smi` kwa kadi za NVIDIA, lakini itakubidi uweke upya, upande kwa upande. Baadhi ya kadi zina swichi ndogo pembeni, ya kuchagua hali ya utulivu au ya kasi. Ni swichi halisi, ya kusukuma kwa ukucha, nayo huifuata kadi popote. Nikiwa na kadi mbili zinazofanana na moja ina swichi hiyo, naichukua yenye swichi.

Kuna na njia isiyogharimu chochote: weka kikomo cha fremu ndani ya gemu lenyewe. Kama skrini yako inaonyesha fremu 120 kwa sekunde, kadi inayotengeneza 190 inachoma umeme kwa ajili ya picha usizoziona.

Kuhusu AMD au NVIDIA kwa upande wa Linux, jibu langu liko wazi. Draiva ya kadi za AMD imo ndani ya Linux yenyewe. Unasakinisha mfumo, unawasha, picha iko. NVIDIA huhitaji draiva ya kampuni iwekwe kando. Inafanya kazi vizuri, na mwaka 2022 kampuni ilifungua msimbo wa sehemu yake inayoingia kwenye kiini cha Linux (sehemu ya ndani kabisa ya mfumo), lakini bado ni hatua moja ya ziada inayoweza kukukwamisha baada ya sasisho. Nikiwa sina sababu maalumu ya kuihitaji NVIDIA, nachukua AMD. Ila kama unapanga kuiunganisha na televisheni ya 4K kwa fremu 120, fahamu kuwa mwaka 2024 jumuiya inayosimamia HDMI, waya wa televisheni, iliikataza AMD kuweka HDMI 2.1, toleo linalobeba picha hizo, kwenye draiva yake huria. Kwa skrini ya kawaida tumia waya wa DisplayPort na hutakutana na tatizo hilo.

Jambo la mwisho kuhusu kadi: kuna mlio mwembamba kama wa mbu ambao hautoki kwenye feni. Unatoka kwenye koili ndogo za umeme zinazotetemeka mkondo unapopita kwa mapigo ya haraka. Hauna madhara kwa kadi, ila ni kero, na unazidi fremu zinapokuwa nyingi mno, kwa mfano kwenye ukurasa wa mwanzo wa gemu. Kikomo cha fremu husaidia hapa pia. Usipopungua, rudisha kadi mapema ungali ndani ya muda wa kurudisha, kwa sababu hakuna feni utakayonunua itakayouzima.

Prosesa na kipoza chake

Hapa mambo ni mepesi zaidi. Core i9-14900K ya Intel inaruhusiwa kufika wati 253. Ryzen 7 7800X3D imewekwa kwenye kundi la wati 120, na kwenye gemu nyingi hula pungufu ya hapo, huku ikiwa na kumbukumbu ya ndani ya megabaiti 96 ambayo gemu huipenda sana. Kwa utulivu, uchaguzi kati ya hizo mbili haunisumbui. Mwenye bajeti ndogo atatosheka na Ryzen 5 7600, ya wati 65.

Kipoza cha maji hakifuti feni. Maji huhamisha joto kutoka kwenye prosesa hadi kwenye rejeta, na kwenye rejeta kuna feni mbili au tatu zinazofanya kazi ile ile ambayo zingeifanya bila maji. Kilichoongezeka ni pampu, na pampu huwa na mvumo wake ambao hausimami hata kompyuta ikiwa imetulia. Kinafaa kwa prosesa ya wati 250. Kwa ya wati 90, kipoza kizuri cha hewa chenye minara miwili ya mapezi na feni ya polepole kitakuwa kimya zaidi na kitaishi zaidi. Tena vipoza vingi vya maji huendeshwa kwa programu ya Windows, na hapo tunarudi pale pale: ukiwa Linux pampu inaweza kubaki kwenye kasi iliyotoka nayo kiwandani. Kama ni lazima uchukue cha maji, chukua kile ambacho pampu na feni zake huchomekwa kwenye ubao mama moja kwa moja.

Pima urefu. Noctua NH-D15, mmoja wa vipoza vya hewa vinavyosifika, una kimo cha milimita 165, na makasha mengi membamba hayaupokei.

Kasha, feni na pawa saplai

Watu huvutiwa na makasha yaliyobandikwa sponji ndani ili kuzuia sauti. Sponji husaidia kidogo, lakini kasha likiwa limezibwa mbele, hewa inakosa njia, feni zinapanda, na tunakuwa tumeubana mpira kwa kidole. Mimi nachagua kasha lenye uso wa wavu, feni mbili au tatu kubwa mbele na moja nyuma, zote za mwendo wa chini. Feni ziwe za pini nne. Hizo hupokea maagizo ya kasi kutoka kwenye ubao mama kwa usahihi kuliko za pini tatu, na zinaweza kushuka chini sana bila kukwama.

Diski za kuzunguka, zile za mizunguko 7,200 kwa dakika, zitoe kabisa kwenye mashine hii. Mbali na mlio wake, hutetemesha kasha lote. SSD ya M.2, diski ndogo inayochomekwa moja kwa moja kwenye ubao mama, haina kinachozunguka.

Kwa pawa saplai, kipuri kinachogawia vingine umeme, wengi hudhani ya wati 1,000 hula wati 1,000 muda wote. Hapana. Huo ni uwezo wake wa juu; inavuta kiasi ambacho vipuri vinahitaji, pamoja na kinachopotea kama joto. Nembo ya 80 PLUS Gold au Bronze nayo inahusu kupotea huko tu, haisemi kama feni yake ni tulivu. Tuseme vipuri vinahitaji wati 370. Pawa saplai yenye ufanisi wa asilimia 90 itavuta 411 ukutani na kupoteza 41. Yenye asilimia 80 itavuta zaidi ya 460 na kupoteza 92, na wati hizo 92 zinaondolewa na feni yake. Kwa mzigo huo, ya wati 750 ya kiwango cha Gold inafanya kazi karibu na nusu ya uwezo wake, mahali ambapo ufanisi huwa bora zaidi, na nyingi za aina hiyo hazizungushi hata feni mzigo ukiwa mdogo. Utulivu wenyewe tafuta kwenye vipimo vya maabara ya Cybenetics, ambao huzipanga pawa saplai kwa kelele pia.

Ubao mama: hapa ndipo mifumo miwili inapojengwa

Tafuta ubao wenye nafasi mbili za M.2 au zaidi, kwa sababu ushauri wangu mkubwa kuhusu mifumo miwili ni huu: kila mfumo uwe na diski yake. Watu wengi hugawa diski moja, na inawezekana, lakini ndipo matatizo mengi yanapozaliwa. Mwezi Agosti 2024 Microsoft ilitoa sasisho la usalama lililowafungia nje watu wengi wenye mifumo miwili. Walipotaka kuingia Linux walikutana na ujumbe kwamba kuna kitu kimekwenda kombo vibaya, na mashine ikazima. Diski mbili hazikuzuii usiguswe na jambo kama hilo, ila kila mfumo unabaki na sehemu yake ya kuwakia, na ukiharibika mmoja unautengeneza bila kuugusa mwingine.

Unaposakinisha Windows, chomoa diski nyingine au usiiweke kwanza. Kisakinishi cha Windows kikiona diski mbili kinaweza kuweka faili zake za kuwakia kwenye ile usiyoitaka, na utaligundua hilo siku utakapoitoa. Kisha ichomoe ya Windows, usakinishe Linux. Rudisha zote mbili. Kuchagua mfumo, unabonyeza F8, F11 au F12 wakati wa kuwasha, kutegemea ubao.

Windows 11 inataka TPM 2.0 na uwezo wa Secure Boot. TPM ni hifadhi ya funguo za siri, na mbao za sasa zinayo. Secure Boot ni mlinzi wa mlangoni: hairuhusu mfumo usio na sahihi inayotambulika uamke. Ushauri wa zamani ulikuwa uizime ili Linux iingie. Siku hizi usiizime. Ubuntu, Fedora na Debian, ambayo ni matoleo ya Linux, yana sahihi zinazokubalika, na baadhi ya gemu za Windows, mfano Battlefield 6, hazifunguki Secure Boot ikiwa imezimwa.

Kwa Wi-Fi, soma jina la chipu, usisome la ubao. Chipu mpya kabisa wakati mwingine hukosa draiva ya Linux kwa miezi. Intel AX210, kwa mfano, imekuwa ikitambuliwa na Linux kwa miaka. Kumbukumbu, chukua vijiti viwili vya gigabaiti 16. Haina mengi.

Linux na gemu, ukweli wenyewe

Mwaka 2018 Valve, kampuni yenye duka la gemu la Steam, ilitoa Proton, ambayo hufanya kazi ya mkalimani. Gemu inatoa amri kwa lugha ya Windows, Proton inazigeuza papo hapo ziwe za Linux. Haiigizi kompyuta nyingine ndani ya kompyuta, ndiyo maana kasi haipotei sana. Steam Deck, mashine yao ya gemu ya mkononi iliyoanza kuuzwa Februari 2022, inatumia Linux na mkalimani huyo huyo. Kwa hiyo dai kwamba Linux haichezi gemu limepitwa na wakati.

Lakini kuna ukuta. Gemu nyingi za ushindani wa mtandaoni zina walinzi dhidi ya udanganyifu wanaoingia hadi kwenye kiini cha Windows, na walinzi hao hawaipokei Linux. Valorant na Fortnite hazichezeki huko. Apex Legends ilikuwa ikichezeka, ikafungwa mwishoni mwa Oktoba 2024. Hiyo ndiyo sababu ya haki ya kuweka mifumo miwili badala ya kuhamia Linux moja kwa moja. Kabla hujanunua chochote, andika gemu kumi unazozicheza kwelikweli na uzitafute moja moja kwenye ProtonDB, tovuti ambako wachezaji huripoti kama gemu inachezeka Linux. Majibu yatakwambia diski ya upande gani iwe kubwa.

Wala usiweke gemu kwenye diski moja ya Windows ili Linux izisome. Linux inaweza kuisoma diski hiyo, lakini Steam ikiwa huko husumbuka mara kwa mara.

Siku ya kwanza baada ya kusakinisha

Utashangaa saa. Ukitoka Linux ukaingia Windows, saa itakuwa imerudi nyuma au kwenda mbele kwa saa kadhaa, kama eneo lako linatofautiana na saa ya dunia. Betri ya ubao haijafa. Windows huandika saa ya eneo lako kwenye ubao mama, Linux huandika saa ya dunia, na kila mmoja anamsahihisha mwenzake. Kwenye Linux andika `timedatectl set-local-rtc 1`, na ugomvi umekwisha.

Kwenye Windows zima ile hali ya kuwasha haraka. Ukiiacha, Windows haizimiki kabisa. Inalala huku imeishikilia diski yake, na Linux ikija inakuta mlango umefungwa. Na kama Windows imeifunga diski kwa BitLocker, kufuli lake la siri, iandike ile namba ya uokoaji yenye tarakimu 48 kwenye karatasi kabla hujagusa mpangilio wowote wa BIOS.

Kisha ingia BIOS upange feni. Huku ndiko nilikosema tutarudi. Mbao nyingi zina ukurasa wa mchoro unaoonyesha joto upande mmoja na kasi ya feni upande mwingine. Feni zikipangwa pale, zinatii ukiwa kwenye mfumo wowote kati ya miwili. Acha feni kwenye kasi ya chini kabisa hadi nyuzi 60, kisha mstari upande taratibu. Na tafuta mpangilio wa kuchelewesha. Joto la prosesa hurukaruka: ukifungua ukurasa mmoja tu wa intaneti linaruka nyuzi 15 kwa sekunde mbili, feni zinapanda kwa mvumo, zinashuka, zinapanda tena. Sikio huzoea sauti isiyobadilika. Kinacholiudhi ni kupanda na kushuka. Ukiziamuru feni zisubiri sekunde tano au zaidi kabla ya kuitikia, mvumo huo unatoweka.

Feni za kasha, ubao ukiruhusu, zifuate joto la ubao wenyewe badala ya la prosesa, maana hilo hupanda polepole.

Ukimaliza, subiri usiku, wakati chumba kimetulia. Fungua gemu moja upande wa Windows, weka kikomo cha fremu, cheza nusu saa, sikiliza. Zima, ingia Linux, fungua gemu ile ile kwa kikomo kile kile, nusu saa nyingine. Sauti zikilingana, umemaliza. Upande mmoja ukizidi, kuna agizo moja ulilolisahau ndani ya programu ya upande wa pili, na mara nyingi ni la kadi ya michoro.